Amepona, Hajapona

Kitenzi kupona tumekibebesha kazi mbili. Aliyelazwa hospitali ya Kitete kwa malaria, homa ikashuka, akaomba uji, amepona. Aliyetoka mzima kwenye basi lililopinduka naye amepona, hata kama hakuugua siku hiyo wala kabla yake. Kiswahili hakijaona haja ya kuzitenga habari hizi mbili: kurudiwa na afya na kuepuka kifo ni neno lile lile, na msikilizaji hujua ipi ni ipi. Kwa mambo mengi ya maisha inatosha. Ila wapo watu ambao neno hili huwasema nusu nusu. Wamepona, na hawajapona.

Aliyenifanya nilikodolee macho ni mzee wa kwenye kitabu, Vladek Spiegelman. Alikuwa Myahudi wa Polandi, mfanyabiashara wa nguo. Yeye na mkewe Anja walipita kambi ya Auschwitz wakatoka hai. Mtoto wao wa kwanza, Richieu, hakutoka vitani. Wa pili, Art, alizaliwa Stockholm mwaka 1948, vita vimekwisha, akakulia New York. Huyo ndiye aliyemhoji baba yake miaka nenda rudi, kisha akachora aliyoyasikia. Kitabu kinaitwa Maus, neno la Kijerumani la panya. Juzuu ya kwanza ilitoka 1986, ya pili 1991, na mwaka 1992 kikapewa Tuzo maalumu ya Pulitzer. Wayahudi wamechorwa panya, Wajerumani paka, Wapolandi nguruwe.

Kurasa zinazonikwamisha mimi si za kambini. Ni zile za Vladek mzee, Marekani, mwenye nyumba na pesa benki. Anahesabu vidonge vyake mezani kimoja kimoja. Anaokota waya barabarani kwa kuwa siku moja utafaa. Anabeba boksi la nafaka lililokwisha kufunguliwa na kuliwa, analirudisha dukani adaiwe kidogo, na mwanawe anabaki garini kwa aibu. Moyo wake mgonjwa una jina hospitalini, na kisukari chake kina jina. Hili la waya na boksi halina. Jirani akiuliza habari za Vladek, Kiswahili kitamjibu bila kusita: huyo alipona.

Twende basi neno kwa neno, tuanze na jina la tukio lenyewe. Vitabuni utakuta Holokosti, na utakuta Maangamizi ya Wayahudi. Ninapenda la pili. Kuangamia si kufa tu. Mtu mmoja hufa, akazikwa, akawekewa matanga. Kinachoangamia hakiachi wa kuzika. Wayahudi wapatao milioni 6 waliuawa, na katika miji mingi ya Polandi hakubaki hata wa kusema kaburi la fulani liko wapi. Ukurasa wa mwisho wa Maus una jiwe la kaburi la Vladek na Anja, na hapo ndipo msomaji anapong'amua kwamba ndugu zao karibu wote hawana.

Neno maafa lina safari ya ajabu zaidi. Mwanaanthropolojia Mmarekani mweusi, Marimba Ani, alilichukua kutoka Kiswahili na kulipa kazi ya kutaja biashara ya utumwa na yote yaliyowapata Waafrika kwayo. Leo kuna Wamarekani weusi wanaolitamka kwa unyenyekevu, kwa herufi kubwa. Sisi tulioliazimisha tumelipeleka ofisini. Maafa kwetu ni mafuriko, ni njaa, ni kamati ya wilaya, ni magunia ya mahindi yanayosubiri sahihi. Mjukuu wa mtumwa wa Virginia akija Tabora akasema amekuja kuyaona Maafa, huenda akaonyeshwa ghala.

La tatu ni mauaji ya kimbari. Tulilizoea redioni na magazetini baada ya 1994, hasa Mahakama ya Kimataifa ya Rwanda ilipokaa Arusha na kutoa, Septemba 1998, hukumu ya kwanza ya mahakama ya kimataifa kwa kosa hilo, dhidi ya Jean-Paul Akayesu. Mwanasheria Raphael Lemkin, naye Myahudi wa Polandi, alipoliunda neno la kimataifa mwaka 1944 aliunga neno la Kigiriki la kabila na la Kilatini la kuua. Waliotafuta mwenzake katika Kiswahili wakachomoa mbari. Mbari si kabila. Kabila liko vitabuni, mbari iko sebuleni: ni ukoo, ni baba wa baba na watoto wa watoto. Walikusudia hivyo au la, wametupa neno linalosema kwamba silaha ilielekezwa kwenye uzazi. Kosa ambalo jina lake lina ukoo ndani yake haliwezi kuishia kwa waliokuwepo.

Aliyebaki tunamwita manusura. Neno zuri, na kuna jambo ndani yake ambalo tumelizoea hata hatulisikii. Kunusuru ni kuokoa, kunusurika ni kuokoka, na nusura ni karibu sana: nusura gari linigonge, nusura nianguke. Manusura kwa hiyo ni mtu aliyeokolewa, na pia ni mtu wa nusura, anayeishi upande wa pili wa neno karibu. Wanyarwanda husema uwacitse ku icumu, aliyeuponyoka mkuki. Kwao aliyelengwa ndiye aliyekimbia. Kwetu yuko mwingine aliyemwokoa, hata asipotajwa. Vladek hukataa pande zote mbili. Anataka mwanawe ajue kwamba alipona kwa ujuzi: alijua Kiingereza akamfundisha msimamizi wa wafungwa, alijua kushona viatu, alijua kufunga mzigo vizuri. Lakini Art anamchora na waliokuwa na ujuzi kama wake, na wakafa.

Hapa kwetu neno manusura lina watu wake, na hawako mbali. Mwaka 1972 mauaji ya Burundi, ambayo Warundi wenyewe huyaita Ikiza, yalisukuma maelfu kwa maelfu kuvuka mpaka. Serikali ya Tanzania iliwapa makazi Ulyankulu, hapa mkoani Tabora, kisha Katumba na Mishamo. Walikata pori, wakalima mahindi na tumbaku, wakazaa. Mwanaanthropolojia Liisa Malkki aliishi Mishamo katikati ya miaka ya 1980 akasikia jinsi habari za 1972 zilivyosimuliwa na kurudiwa hadi zikawa na umbo moja kambi nzima, kama masimulizi ya asili ya taifa. Mwaka 2014 watu wapatao 162,000 katika kundi hilo walianza kupewa vyeti vya uraia wa Tanzania. Wengi wao walizaliwa hapa. Wengine wanaishi Tabora mjini, na kata ya Cheyo wamo.

Katika uwanja wa nyumba tuliyopanga alikuwapo bibi mmoja wa Ulyankulu, aliyevuka akiwa msichana. Ukimgusia mwaka 72 akiwa anachambua maharage, hakuinua kichwa: "Sisi tulipona, mwanangu." Basi. Lakini nyuma ya mlango wa chumba chake lilining'inia begi la kijani. Ndani kulikuwa na vyeti vyote vya ukoo ndani ya mfuko wa nailoni, kanga mbili, kiberiti na chumvi iliyofungwa fundo. Wajukuu waliruhusiwa kupekua kila kitu mle chumbani ila begi. Hakuna aliyewahi kuwaambia ni la nini. Mkubwa wao, kijana wa sekondari, mwenye cheti cha uraia humo humo begini, alipohamia hosteli kusoma alining'iniza la kwake nyuma ya mlango. Nilipomuuliza akacheka. "Sijui, Mwalimu. Ndivyo tunavyoweka."

Tukiiteje alicho nacho kijana huyu? Waandishi wa saikolojia wameazima kiwewe, na yapo maandishi yenye kiwewe cha kurithi. Sina ugomvi na madaktari, ila kiwewe ninachokijua mimi ni cha ghafla. Mwizi akishikwa na kiwewe hujitaja mwenyewe, na mtahiniwa huingiwa na kiwewe akiona swali la kwanza. Huja kikapita. Wanyarwanda wana ihahamuka, neno lililoshika kasi baada ya 1994 kwa manusura wanaopandwa na hofu na kupiga mayowe, hasa Aprili, wakati wa kumbukumbu. Nalo ni la mtu aliyelemewa mbele ya macho ya watu. Kijana wa begi hapigi mayowe. Anafaulu mtihani na anacheza mpira.

Mwenzangu mmoja apendaye maneno alinipendekezea donda ndugu, lile donda lisilosikia dawa. Nililionea wivu kwanza, maana lina undugu ndani yake. Kisha nikalikataa. Istilahi isiwe hukumu. Ukimwambia mtoto kwamba alichopewa na bibi yake ni donda lisilopona, umemfunga kabla hajasema lake.

Na hapa Tabora tunajua jinsi neno linavyoweza kumfunga mtoto. Kiswahili cha zamani kilikuwa na neno la aliyerithi msiba wa mzazi: mzalia. Mtumwa aliyenunuliwa alikuwa mateka au mjinga, mgeni asiyejua lugha. Mtoto wake, aliyezaliwa humo nyumbani kwa bwana, alikuwa mzalia. Alijua lugha, dini na adabu, na bado alikuwa wa mtu. Misafara ya watumwa ilipita Unyanyembe, eneo hili la Tabora, ikitoka Ujiji na nchi za Manyema kuelekea Bagamoyo, na si wote walioletwa waliofika pwani. Wengi walibaki kulima mashamba ya kuzunguka Tabora na Kwihara, wakawa na wazalia. Wajerumani hawakuufuta utumwa. Walitangaza tu kwamba watakaozaliwa na watumwa baada ya tarehe 31 Desemba 1905 watakuwa huru. Sheria ya kuufuta ilikuja na Waingereza, 1922. Kwa hiyo kuna wazee tuliowasalimia shikamoo utotoni ambao mama zao walikuwa mali. Katika miji ya njia hii wajukuu wa waungwana hukutajia nasaba hadi babu wa saba. Wajukuu wa watumwa hukutajia mtaa. Adabu ya mji inakataza kuuliza, na adabu hiyo imetunza heshima za watu wengi. Lakini ukimya nao hurithiwa, sawa na begi.

Marianne Hirsch, msomi wa fasihi, ndiye aliyelipa jambo hili jina maarufu la Kiingereza, mwaka 1992, na kitabu alichokuwa akikichambua ni Maus. Jina lake lina maana ya kumbukumbu ya baada: yule asiyekuwepo anabeba yaliyompata aliyekuwepo, kwa hadithi, kwa picha na kwa tabia za nyumbani, hadi yanamkaa kama yake. Wafasiri watasema kumbukumbu ya kurithi. Hapo sikio langu linagoma. Kwa Kiswahili kumbukumbu ni ya aliyeona. Bibi anayo. Kijana hakumbuki kitu, na ukimwambia anakumbuka atakushangaa.

Jibu nililipata upande wa pili wa Ziwa Tanganyika, kwenye ncha nyingine ya njia ya misafara. Msiri, aliyetawala Garenganze hadi Wazungu walipomuua Desemba 1891, alitoka huku kwetu na watu wake, wale waitwao Bayeke hadi leo. Huko Katanga, katika miaka ya 1970, kulikuwa na wachoraji waliouza picha mlango kwa mlango, za kutundika sebuleni: Lumumba amefungwa kamba, askari wa mkoloni anachapa mfungwa viboko, bendera inapepea. Mmoja wao, Tshibumba Kanda Matulu, alimchorea mtafiti Johannes Fabian historia nzima ya nchi yake kwa picha 101, huku akiieleza kwa Kiswahili cha Shaba, kama Katanga ilivyoitwa wakati huo. Picha hizo walikuwa na jina la kuziita. Waliziita ukumbusho.

Tofauti ni ndogo, na ndiyo yote. Kumbukumbu ni ya mtu. Ukumbusho ni kitu. Unaweza kuwa mbele ya mtu ambaye hakuona lolote, ukamfanya aulize. Mtoto wa Lubumbashi aliyezaliwa Lumumba amekwisha kuuawa hana kumbukumbu ya Lumumba, lakini amekua chini ya ukumbusho wake. Begi la kijani ni ukumbusho. Waya wa Vladek ni ukumbusho. Picha ya Richieu, iliyokuwa ukutani chumbani kwa wazazi wake Art, ni ukumbusho: mtoto asiyelia wala kukosea, ambaye Art ameshindana naye maisha yote, hadi baba yake kwenye ukurasa wa mwisho, amechoka, anamwita yeye Richieu. Kwetu sisi tunaowarithisha watoto majina ya waliokufa, jambo hilo halihitaji maelezo. Kinachorithiwa ni ukumbusho usio na maandishi chini yake, na mtoto hutumia nusu ya maisha akijiuliza ni wa nini.

Sasa umbo la kitabu. Tukisema katuni tumeharibu. Si kwa sababu katuni ni kitu duni. Chakubanga wa Christian Gregory katika gazeti la Uhuru aliwasema wakubwa wakati wahariri walipima maneno, na Lodi Lofa na Madenge wa jarida la Sani waliwafundisha wengi wetu kusoma haraka kuliko shule. Lakini mtaani katuni limekuwa tusi. "Acha ukatuni" ni kumwambia mtu aache upuuzi. Kibonzo nacho kinacheka. Mwambie bibi kwamba unataka kuchora katuni ya mwaka 72 uone atakavyokutazama.

Ajabu ni kwamba panya hatukuwa na tabu naye. Msomaji wa magazeti ya Tanzania amemzoea panya anayesimama pembeni mwa picha na kusema lililo kweli, yule wa Masoud Kipanya. Spiegelman alimtoa panya wake mahali pengine. Filamu ya propaganda ya Wanazi ya mwaka 1940 iliwafananisha Wayahudi na kundi la panya, na mwana akaichukua kashfa hiyo akaivalisha ukoo wake hadi ikachakaa. Rwanda walisema inyenzi, mende. Mchoraji Mbelgiji Jean-Philippe Stassen, katika kitabu chake Déogratias cha mwaka 2000, aligeuza kibao: anayegeuka mnyama ni kijana aliyekuwa upande wa wauaji, mwenye nguo zilizochanika, anayeamini kwamba yeye ni mbwa. Rupert Bazambanza, manusura aliyehamia Kanada, alikataa wanyama kabisa. Aliichora familia ya Rwanga kwa nyuso zao za watu, kwa kuwa kwake kazi ya kwanza ilikuwa kuwarudishia sura. Spiegelman mwenyewe katika juzuu ya pili amejichora mtu, kinyago cha panya kimefungwa kichwani kwa kamba, maiti zimerundikana chini ya meza ya kuchorea. Kamba inaonekana wazi. Anatuambia jina la mnyama lilivishwa, na linaweza kufunguliwa.

Neno linalobaki ni riwaya, na wapo watakaolikataa kwa hoja nzuri. Riwaya ni hadithi ya kubuni, na Maus haikubuniwa. Gazeti la New York Times lilipokiweka kitabu hicho katika orodha ya vitabu vya kubuni, mwaka 1991, Spiegelman aliandika kupinga, wakakihamisha. Lakini Kiswahili kina riwaya nyingine, ya madrasa, ambayo ndiyo ya asili. Riwaya ni mapokezi: fulani amesimulia kutoka kwa fulani, naye kutoka kwa fulani, na mwalimu huulizia isnadi, mlolongo huo wa wasimulizi, kabla hajaulizia maneno. Maus imejengwa hivyo hasa. Tunamwona Art na kinasa sauti chake, tunamwona Vladek akikatiza habari za kambi ili alalamikie vidonge, tunajua nani alisema nini na nani hakuwepo kusema. Anja aliyeandika daftari zake, akajiua mwaka 1968, hasimulii, kwa kuwa Vladek alizichoma. Mlolongo umekatika hapo na mchoraji hakuuziba.

Isnadi inaamua hata lugha. Kiingereza cha Vladek mzee kimepinda, kwa kuwa ni cha mkimbizi. Akirudi Polandi ya ujana wake, ndani ya picha, anazungumza vizuri, maana hapo yuko katika lugha zake. Atakayechora habari za Ulyankulu atakutana na jambo hili ukurasa wa kwanza. Kiswahili cha wazee wa Kirundi, ambamo l hugeuka r, wachekeshaji wamekimaliza jukwaani. Mchoraji akiandika "rakini" na "kurara", bibi atachekwa. Spiegelman aliupinda mpangilio wa maneno, akaziacha herufi zao. Na bibi akiwa msichana, kabla ya mto wa mpakani, anastahili Kiswahili kilichonyooka kuliko cha mwandishi.

Mimi basi ningeviita vitabu vya aina hii riwaya za ukumbusho. Maangamizi yabaki na jina lake, Ikiza libaki na lake, na mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi yabaki na lake, maana msiba haukopeshi jina lake. Kinachofanana ni kile kinachoning'inia nyuma ya mlango, na kazi ya kukiandikia maneno chini yake. Baraza la Kiswahili la Taifa, BAKITA, wana vipimo vyao vya kusanifu istilahi. Kipimo changu ni hiki: bibi akilisikia neno asidhani anachekwa, na mjukuu akilisikia asidhani anaambiwa mgonjwa. Katuni linashindwa kwa bibi. Kiwewe cha kurithi kinashindwa kwa mjukuu. Riwaya ya ukumbusho nimewajaribishia wote wawili. Bibi aliuliza kama zitaandikwa tarehe. Mjukuu aliuliza nani atachora.